Perege, sato na macho ya jike

Najua nimewatupa. Wiki tatu kimya, na wengine mmeanza kusema labda nimedisko au nimeolewa. Hapana jamani. Nipo Mzinga, kwenye geto lile lile, bumu halijaingia, maji ya bomba yanakuja yanapojisikia. Nilikuwa nimezama kwenye samaki tu.

Ndiyo, samaki. Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilipewa kidato chenye mada ya mageuko ya viumbe. Vitabu mnavijua: ndege wa visiwa vya Galapagos wenye midomo tofauti, halafu nondo wa Manchester waliobadilika rangi kwa moshi wa viwanda. Kijana mmoja wa nyuma kabisa, mwenye sare iliyofubaa, akanyoosha mkono: "Madam, kwani kwetu huku viumbe havibadiliki?" Darasa likacheka. Nikamjibu kwamba vinabadilika na kwamba nitamletea mfano. Muda wa mazoezi ukaisha kabla ya deni kulipwa. Mwaka huu narudi shule ile ile, kwa hiyo naandaa somo mapema, na nyinyi ndio mtakaojaribiwa kwanza. Vumilieni.

Mfano nilioukuta unaogelea kilomita chache tu kutoka hapa ninapoandikia. Mto Mzinga unashuka kutoka Uluguru, unaingia bwawa la Mindu pamoja na Ngerengere na vijito vingine. Bwawa ndilo linanywesha manispaa yetu, na maji yanayotoka hapo yanafuata Ngerengere hadi Ruvu, kisha baharini. Humo anaishi perege. Sisi wanafunzi tunamjua akiwa amekaangwa, ana chumvi na pilipili, pembeni ya barabara ya Iringa. Kwa wanasayansi huyu wa mito yetu, Ruvu, Wami na Rufiji, ni spishi yenye jina lake, Oreochromis urolepis. Ni mwenyeji. Alikuwepo kabla ya bwawa, kabla ya reli, na kabla ya sisi wa kozi ya ualimu kuja kupanga vyumba Mzinga.

Angalieni maisha yake. Dume anachimba shimo kwenye tope au mchanga, analifagia, anajipaka rangi ya fahari, halafu anasubiri. Majike wanapita wakikagua. Jike akiridhika anataga pale, kisha anayachukua mayai mdomoni na kuondoka nayo. Malezi yote ni ya mama. Atayaatamia mdomoni kwa siku nyingi, karibu hali kitu, na hata vifaranga wakishaanza kuogelea, wakistuka wanakimbilia mdomoni tena. Dume anabaki kwenye shimo lake anasubiri mwingine. Dada zangu wa bweni la pili nilipowasimulia walisema hiyo tabia wanaifahamu. Sikuwabishia.

Sasa hapo kwenye "jike anaridhika" ndipo mageuko yanapokaa. Tumezoea kufundishwa kwamba maumbile yanachagua kwa njaa, ugonjwa na mdomo wa adui. Kwa samaki wa jamii hii, jicho la jike nalo linachagua. Jeni za dume aliyekataliwa zinaishia pale pale shimoni, hata kama alikuwa na afya ya ng'ombe. Na jicho lenyewe limejengwa na jeni. Kwa hiyo tabia inachuja jeni, na jeni zinaitengeneza tabia. Ukikata upande mmoja, mwingine unayumba.

Ushahidi mzuri kuliko wote uko Mwanza. Ziwa Victoria lilikauka karibu miaka 15,000 iliyopita, likajaa upya. Leo, au niseme hadi juzi, lilikuwa na spishi zaidi ya 500 za wale samaki wadogo wanaoitwa furu, ambao karibu wote hawapatikani kwingine duniani. Linganisheni na Tanganyika, ziwa la kale ambalo jamii hii ya samaki imekuwamo kwa takriban miaka milioni 10: spishi zake za jamii hiyo ni kama 240. Yaani mdogo wa mwisho ana watoto mara mbili ya kaka mkubwa.

Kati ya furu hao kuna wawili ndugu kabisa. Mmoja dume wake ni wa rangi ya bluu na kijivu, mwenye mistari, anaitwa Pundamilia pundamilia. Mwingine dume wake ana mgongo mwekundu na ubavu wa njano, na jina lake ni Pundamilia nyererei. Ndiyo, Nyerere yule yule. Els Witte-Maas na Frans Witte, Waholanzi waliokuwa wakifanya utafiti Ghuba ya Mwanza, walimwandika rasmi kwa jina la Mwalimu mwaka 1985, mwaka ule ule aliong'atuka. Nina miaka mitatu chuoni nasoma Baiolojia na hili nililijua mwezi uliopita. Nikilifikiria napata hasira kidogo.

Hawa wawili wanaweza kuzaa pamoja na watoto wao nao wakazaa bila shida. Hakuna ukuta wa kimwili kati yao. Kinachowatenga ni uchaguzi wa jike. Wa bluu anaishi juu, karibu na uso wa maji. Mwekundu anaishi chini kidogo, na kwenye maji ya Victoria ukishuka chini mwanga unaobaki ni wa upande wa njano na nyekundu, maana ule wa bluu umeshamezwa. Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 2008 kwamba hata protini za jicho zinazopokea mwanga zimetofautiana: za samaki wa chini zimeelekea upande wa nyekundu. Jike wa chini anaona wekundu vizuri, anampenda dume mwekundu, anazaa mabinti wenye jicho kama lake na vijana wenye rangi kama ya baba. Vizazi vikipita hivyo, spishi mbili.

Jaribio lililonifurahisha ni la zamani kidogo, la mwaka 1998. Seehausen na Jacques van Alphen waliwaweka samaki hawa maabara. Chini ya mwanga mweupe, kila jike alimfuata dume wa kwao. Wakabadilisha taa, ikawa ya rangi ya chungwa tupu ambayo haionyeshi tofauti ya bluu na nyekundu. Majike wakachanganyikiwa, yeyote akawa sawa. Jeni zao hazikuguswa, na ukuta kati ya spishi mbili ukaanguka kwa kubadilisha taa tu!

Ziwani taa hiyo ni matope na mwani. Kwenye visiwa vyenye maji meupe kama Makobe, nyekundu na bluu wametengana safi. Ukienda sehemu za ghuba ambako maji ni machafu, kama kisiwa cha Luanso, unakuta kundi moja la rangi za katikati, zilizofifia. Wakulima hawakuvua mtu pale, na sangara hakuhitajika. Mbolea, udongo na maji taka vilifanya giza, na katika giza majike hawakuweza tena kuchagua. Sangara naye, aliyepandikizwa miaka ya 1950 na kulipuka miaka ya 1980, alikula wengi, inakadiriwa spishi 200 hivi zilipotea au karibu zipotee. Sangara tunamlaumu kwa sababu ana meno. Tope halina meno, kwa hiyo hatulilaumu.

Na kabla hamjasema kila kitu ni jeni, sikieni hili la mwaka 2007. Machteld Verzijden na Carel ten Cate wa Leiden walichukua mayai ya hawa ndugu wawili wakabadilishana: mayai ya bluu kwenye mdomo wa mama mwekundu, na kinyume chake. Mabinti waliolelewa mdomoni mwa mama wa kambo, walipokua, waliwapenda madume wa spishi ya mama wa kambo. Damu ni ya kwao, moyo ni wa mdomo uliowalea. Sasa mwanafunzi akiniuliza "Madam, tabia inarithiwa au inafundishwa?", nitamwambia amuulize samaki aliyekulia mdomoni mwa jirani.

Tuendelee. Rumeti wangu, anayesoma Hesabu na ambaye hapendi hadithi isiyo na hoja, alisikiliza yote haya akiwa anamenya vitunguu, kisha akauliza swali lililonikosesha usingizi. Alisema: hao furu 500 walitoka wapi kwa haraka hivyo? Nikamwambia, walianza kwa mchanganyiko. Utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2017 na Joana Meier na wenzake unaonyesha kwamba babu yao ni chotara: koo mbili zilizokuwa zimetengana muda mrefu, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Nile ya juu, zilikutana zikazaliana. Hata zile jeni za jicho la kuona nyekundu na bluu zililetwa na koo hizo mbili. Rumeti akatua kisu. "Basi kama uchotara ndio uliozaa spishi 500, unalia nini sato akichanganyika na perege wako wa Mindu?"

Hapo ndipo nilipoanza kuamka usiku.

Kwa wasiojua: sato ni perege wa Nile, Oreochromis niloticus. Si mwenyeji wa mito inayomwaga Bahari ya Hindi upande wetu huu. Ameletwa na binadamu, kwa mabwawa ya kufuga na kwa kupandikizwa kwenye mabwawa ya maji, kwa sababu anakua haraka na ananenepa vizuri. Mwishoni mwa miaka ya 2010 watafiti wa Kitanzania na Kiingereza, akina Asilatu Shechonge, Benjamin Ngatunga, Martin Genner na George Turner, walitoa matokeo ya kuzunguka mabonde ya mito nchini, na walikuta perege wa kuletwa wameenea karibu kila walikopita, wakiwa wamechangamana na wenyeji na mahali pengine kuzaa nao. Victoria penyewe tayari kuna mfano: ngege, perege wa asili wa ziwa lile, samaki aliyekuwa fahari ya wavuvi wa zamani, alipungua sana, na leo wa kumtafuta unampata zaidi kwenye maziwa madogo ya pembeni.

Jibu langu kwa rumeti, baada ya kulala nalo siku mbili, ni hili. Koo za Kongo na Nile zilipokutana, zilikuta ziwa linajaa upya, lina nafasi tupu kila kona: miamba, mchanga, kina kirefu, kina kifupi, konokono wa kula, mwani wa kukwangua. Uchotara uliwapa kapu la jeni mbalimbali, na ziwa likawapa vyumba vya kuzitumia. Baada ya hapo waliachwa, maelfu ya miaka, majike wakachagua. Mindu haina hayo. Ni bwawa dogo la kuchimbwa na watu, karne iliyopita, maji yake yanazidi kuwa ya udongo kwa sababu mashamba yanapanda mlima na mvua inateremsha mlima. Na sato haji mara moja. Kila mafuriko yakivunja kingo za kibwawa cha kufugia, anaingia tena. Ndoa ya mara moja kati ya koo mbili ni kitu kimoja. Ukoo mmoja ukipokea wakwe wapya kila masika, mwaka baada ya mwaka, mwishowe jina linabaki lakini mwenye jina hayupo.

Waluguru wataelewa upesi kuliko sisi wa kuja, maana kwao ukoo unafuata upande wa mama. Samaki nao wana sehemu ya vinasaba inayopita kwa mama peke yake, haigawanyiki na ya baba. Ndiyo maana chotara anaweza kuwa na sura ya sato mtupu, mkia na kila kitu, huku mpimaji akimkuta na ukoo wa mama perege. Kwa macho ya sokoni hutamjua.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba perege huyu wa huku si samaki wa hivi hivi. Kaeni vizuri niwape hadithi.

Miaka ya 1950 kulikuwa na kituo cha ufugaji wa samaki Malacca, ambayo sasa ipo Malaysia. Walikuwa na perege wa Msumbiji, na wakaletewa wengine kutoka Zanzibar waliodhaniwa ni aina ile ile. Mkuu wa utafiti, C. F. Hickling, aliwachanganya. Dume wa Zanzibar na jike wa kule wakazaa watoto, na watoto wote wakawa madume. Wote! Mwaka 1960 akaandika habari hiyo. Wafugaji waliipenda, kwa sababu tatizo kubwa la kufuga perege ni kwamba wanazaana hovyo bwawani, wanajazana, wanadumaa. Madume watupu hawazai, wanakula na kunenepa.

Ikaja kujulikana kwamba wale wa "Zanzibar" asili yao ni bara, mto Wami, huu wa jirani hapa Dakawa. Ethelwynn Trewavas wa makumbusho ya London aliwapa jina lao mwaka 1966. Na siri ya madume watupu ni ya kijenetiki, mtoto wa sekondari anaielewa kabisa. Perege wa Msumbiji ana mpango kama wa kwetu binadamu: jike XX, dume XY. Perege wa Wami ana mpango kama wa kuku: dume ndiye mwenye mbili zinazofanana, ZZ, na jike ni ZW. Mkutanishe jike XX na dume ZZ: kila mtoto anapata X moja na Z moja, na wote wanakuwa madume. Chora kisanduku ubaoni, dakika mbili, umemaliza. Damu ya samaki huyu wa Wami imefika hadi kwenye perege wekundu wanaofugwa Florida.

Hebu fikirini. Dunia ilichukua jeni za mto wetu ikatengeneza nazo biashara, na sisi kwenye bonde hilo hilo tunamwaga sato juu yake.

Jumamosi nilipanda juu kidogo ya Mzinga kumwona mzee mmoja mwenye vibwawa vitatu vya samaki, pembeni ya migomba yake, maji anayakinga kijitoni. Shikamoo, marahaba, karibu mwanangu, kaa hapo. Nikamweleza habari ya perege na sato, nadhani kwa ukali kuliko ilivyotakiwa na umri wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Mwanangu, perege wa mtoni nilimfuga. Miezi minane yuko hivi," akanionyesha kiganja. "Sato miezi minane yuko hivi," akanionyesha mpaka kwenye kiwiko, kidogo alitia chumvi. "Wewe ada yako analipa nani?" Nikanyamaza. Yeye ana watoto wawili sekondari, na sato ndiyo inayowalipia.

Hata hivyo nilimuuliza masika yanapokuja inakuwaje. Akasema mwaka wa mvua kubwa bwawa la chini lilibomoka, samaki wote wakaenda na kijito. "Walikuwa madume watupu," akasema, kama kunituliza, maana vifaranga alivyonunua vilikuwa vya kulishwa dawa ili wawe madume. Mimi ndiyo kwanza nikastuka. Dume mtupu bwawani hana wa kuzaa naye. Akifika mtoni anawakuta majike wa perege, naye ni mkubwa, ana nguvu za kutetea shimo zuri kuliko mwenyeji. Na maji ya mto yakiwa tope, jike anamkagua kwa jicho lipi?

Sikutoka na suluhisho kubwa mfukoni. Ila mzee alikuwa tayari kwa vitu viwili. Kuweka wavu mdomoni mwa mfereji wa kutolea maji kabla ya masika, ambao alisema ni hela ya chandarua kuukuu. Na kufuga perege wa mtoni kwenye kibwawa kimoja, cha juu, kama mtu atamletea vifaranga vilivyochaguliwa, vinavyokua vizuri. Hapo alinitazama mimi. Hapa Morogoro tuna chuo cha kilimo chenye wataalamu wa samaki, tuna kituo cha serikali cha ufugaji samaki Kingolwira. Sato wa leo naye hakuzaliwa mnene, watu walimchagua kizazi baada ya kizazi mpaka akawa hivyo. Perege wetu hajafanyiwa hata nusu ya kazi hiyo, halafu tunamwita mdumavu. Ni kama kumfelisha mtoto ambaye hujamfundisha.

Kwa hiyo andalio la somo limekaa hivi: beseni moja, samaki wawili kutoka Mindu, wabichi. Sato ana michirizi myembamba iliyosimama kwenye pezi la mkia, iliyopangika kama mistari ya daftari. Perege wa kwetu hana mpangilio huo. Nitawaacha wanafunzi wahesabu wenyewe kabla sijaandika neno lolote ubaoni. Yule kijana wa nyuma sasa yuko kidato cha juu yake, lakini nimeshamwomba mwalimu wake aniazime kwa vipindi viwili. Kinachobaki ni nauli na hela ya samaki, na bumu, kama nilivyosema, bado.